Basi ya usiku: kwa wenzetu tunacheka, kwetu tunakesha

Kila mutu wa Masisi ao wa Walikale aliyepanda basi ya usiku kule inje ya inchi ana hadithi yake. Anairudisha nyumbani pamoja na vitenge, viatu na simu za kuuza, na mara nyingi hadithi njo inafika nzima kuliko mizigo. Tunazisikia kwenye vibanda vya chai kule Rubaya, Nyabiondo, Ndjingala na Mubi. Mama anasimulia, wachimbaji wanacheka mpaka chai inamwangika. Leo tunaomba tuzicheke tena pamoja, kiisha tuseme kitu kimoja ambacho hadithi hizi zinatufundisha: barabara iko nzuri siku ile abiria maskini anaweza kulala usingizi juu yake.

Kwanza tuseme kwa nini watu wetu wanapenda basi ya usiku. Shimo halina ahadi. Leo liko na mawe, kesho liko na maji. Bibi ya muchimbaji anajua hiyo kuliko PDG wa shimo mwenyewe. Kwa hiyo franga kidogo ikiingia nyumbani, anaitafutia njia mbele haijaisha kwa bia na madeni. Anaenda Kampala, kwenye maduka ya Kikuubo na soko la Owino, anunue bidhaa za kuuza kwenye karière. Wengine wanafika Nairobi, wengine Kahama na Dar es Salaam. Usiku mmoja ndani ya basi ni usiku mmoja wa hoteli ambao hukulipa. Unaondoka mangaribi, asubui unafika sokoni. Macho iko nyekundu, lakini franga iko nzima.

Shida ya kwanza ni saa. Goma na Kigali ziko na saa moja, lakini Uganda, Kenya na Tanzania wanatutangulia saa nzima. Simu inajibadilisha yenyewe ukivuka mupaka, saa ya mkono haibadiliki. Mama mmoja wa Masisi, mwenye kuamini saa ya mkono ya marehemu baba yake kuliko simu, alikuwa anarudi kutoka Kampala. Tiketi ilisema saa mbili ya usiku. Saa yake ilisema saa moja. Alikula pole pole, akamaliza na soda, akaenda pale stesheni kutafuta basi. Haiko. Akaanza kugombana: «Saa ya kuondoka haiyafika!» Kijana wa tiketi alimujibu kwa heshima yote: «Mama, saa yako imebaki Goma.» Alilala juu ya mizigo yake, na mpaka leo kule kwao mutu akichelewa kwenye ibada ao kwenye matanga, wanamuambia saa yake imebaki Goma.

Shida ya pili ni upande wa barabara. Kongo na Rwanda gari inapita kuume. Ukivuka Gatuna na kuingia Uganda, gari inapita kushoto. Dereva anajua, askari anajua, hata mbuzi wa Kabale wanajua. Lakini papa mmoja wa Walikale alikuwa amelala wakati wa kuvuka kwa sababu alikuwa amekwisha kupigwa mihuri yake yote. Aliamuka katikati ya milima, akaona taa za lori zinakuja upande wa kuume. Akasimama, akalalamika kwa nguvu: «Shofere amelala! Rudia ku kuume, utatuua!» Sasa mukumbuke kwamba kule Uganda, wazee wengi walizoea kusikia Kiswahili kwenye midomo ya askari. Papa alipopiga ile kelele, basi nzima ilikaa wima, kimya, mikono juu ya magoti, kila mutu akitafuta kitambulisho chake. Shofere alicheka, akaendelea kushoto. Mpaka Kampala wale vijana wa nyuma walimuita papa «Afande».

Mbele ya hapo, kuna mupaka wa Rwanda na mifuko yake. Tangu mwaka 2008 Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki, na sisi kila kitu chetu kinalala ndani ya plastiki: sambaza, unga, sabuni, hata karatasi za kusafiria. Mama mwenye mifuko kumi na mbili anafika kwa askari, anatoka na vitu vilevile vimefungwa ndani ya kitenge, ndani ya kofia ya mutoto na ndani ya sapato. Na kama mutu ni wa Masisi, haendi kwa ndugu mikono mitupu. Anabeba fromaji. Ile fromaji ya milima yetu ni fahari, hatukatai. Lakini usiku kucha, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, joto la watu sitini linaipanda. Kuelekea Mbarara abiria wote walianza kuangaliana miguu. «Nani amevua viatu?» Kijana mmoja ambaye hana kosa alilazimishwa kuvaa viatu vyake mara mbili. Mama wa fromaji aliangalia dirishani, akaomba rozari.

Njaa nayo ina vituko vyake. Kila kituo cha njia ya Uganda kina wauzaji wanaokimbia kwenye dirisha wakilalamika: «Rolex! Rolex!» Muchimbaji wetu, ambaye alikuwa ameuza mawe yake vizuri ile wiki, alifungua dirisha mbio. Rolex kwa bei ya chapati! Alinunua mbili, moja yake na moja ya mukubwa wake. Akapokea chapati mbili zilizokunjwa na mayai ndani, moto moto, ndani ya karatasi. Alikula zote mbili, akasema saa ya namna hii haitamuchelewesha tena.

Lakini pale tunapocheka zaidi ni kwenye lugha. Tunaendaka tukidhani kwamba tunajua Kiswahili. Tunakijua, ndiyo, lakini ni Kiswahili chetu. Basi ya Tanzania ikisimama usiku porini, konda anasema: «Haya abiria, dakika kumi, anayetaka kuchimba dawa ashuke!» Fikirini mutu wa Rubaya anasikia neno «kuchimba». Kijana wetu alikuwa nusu usingizi. Akatafuta torshi yake ile ya kichwani, akaifunga, akashuka wa kwanza. Akaona watu wanatawanyika, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kila mutu na sehemu yake. Akasema ndani ya roho: «Hawa wako na mpango, kila mutu na shimo lake.» Akamufuata muzee mmoja pole pole apate kuona filo iko wapi, akamumulikia. Muzee akageuka: «We kijana, vipi? Zima taa, niache nijisaidie!» Kumbe kuchimba dawa, kwa wenzetu, ni kwenda choo ya porini. Alirudi ndani ya basi mikono mitupu. Jirani akamuuliza: «Umechimba?» Akajibu: «Hapana, nimekuta carré iko na wenyewe.»

Kuna neno lingine: kutosha. Kwetu kutosha kitu ni kukiondoa. Kwa Watanzania ni kuwa na kiasi chenye kuenea. Mama anashuka Kahama, anaonyesha begi yake chini ya basi: «Tosha ile nyeusi!» Kijana wa mizigo anajibu: «Ndiyo mama, inatosha,» anaisukuma ndani zaidi. «Nakuambia tosha!» «Inatosha kabisa, mama, hata ingine ingeingia.» Ilibidi shofere aje kama hakimu.

Na kuna neno la tatu, ambalo lilianza kama kichekesho na halikuisha kama kichekesho. Muchimbaji wetu amekaa karibu na mama mmoja Mutanzania. Usiku ni murefu, wanaanza mazungumzo. «Unafanya kazi gani, kaka?» Anajibu sawa vile sisi wote tunajibuka: «Miye natumikaka mu karière ya koltani.» Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Kwao kutumika ni kutumiwa, sawa vile chombo. Mama akashangaa: «Unatumika? Unatumika na nani?» Akaeleza, wakacheka wote wawili. Kiisha kijana akanyamaza. Aliangalia mbele: karibu kila abiria alikuwa na simu mkononi, basi nzima ya giza imejaa vitaa vidogo. Ndani ya simu kunatumiwa tantali, ile inayotoka kwenye koltani, na Rubaya peke yake inahesabiwa kutoa takriban 15% ya tantali ya dunia. Unatumika na nani? Swali lilikuwa nzuri. Hatujapata bado kulijibu.

Tukikusanya hadithi hizi zote, tunaona kitu kimoja. Ni hadithi za watu waliofika. Saa ilibaki Goma, fromaji ilinuka, begi haikutoshwa, lakini asubui mutu alikuwa Kampala, ao Nairobi, ao Kahama. Hata ile ya kijana aliyepotea kule Malaba: usiku wa manane abiria wote walishuka kupigwa muhuri kati ya Uganda na Kenya, akarudi na usingizi wake ndani ya basi ya rangi ileile, akaamuka asubui akisema Nairobi inafanana sana na Kampala. Ilikuwa Kampala. Alikuwa amepanda basi ya kurudi. Hata yeye, basi ilimufikisha, ingawa haikuwa pale alipotaka.

Sasa tuseme ile hadithi ambayo watu wetu wanaisimulia na sauti ya chini. Ni juu ya mutu ambaye halale. Kila shofere wa njia hizo anamujua: ni Mukongomani wa kiti cha mbele. Basi nzima inakoroma, yeye macho wazi, sakoshi kifuani, viatu miguuni. Basi ikipunguza mwendo, anasimama kuangalia. Mwanga ukionekana mbele, anaingiza mkono mfukoni. Papa mmoja wa kwetu, ile usiku basi iliposimamishwa na askari wa barabara kule Kenya, alishuka mwenyewe, noti imekunjwa ndani ya kiganja, akamupa askari salamu ya mkono. Askari alifungua mkono, akaona franga. «Hii ni ya nini?» Papa akajibu: «Ya bariere, mukubwa.» Askari alikuwa ameangalia tu karatasi za gari. Alimurudishia, akamuambia: «Mzee, rudi ulale.» Abiria walicheka sana. Hatusemi kwamba askari wa wenzetu wote wako watakatifu, wasafiri wanajua. Tunasema tu kwamba papa alikuwa amekwisha kutayarisha noti kumi, zimepangwa mfukoni, moja moja, sawa vile mutu anatayarisha sadaka ya watoto wake siku ya mungu.

Nani alimufundisha ile? Barabara yetu. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walitoa hesabu ya bariere katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walipata 798. Wengine wanalipisha kwa jina la serikali, wengine kwa jina la kikundi, wengine kwa jina la njaa. Tangu ile mwaka vita imegeuza mambo mengi. Rubaya ilibadilisha mikono Aprili 2024, Goma Januari 2025, Walikale-centre Machi 2025 na tena mwezi uliofuata. Mutu anayesimama kwenye kamba anabadilika, kamba inabaki. Mama mwenye sombe yake juu ya kichwa hajui leo kamba ni ya nani. Anajua tu kwamba inalipwa.

Na barabara yenyewe? Kutoka Sake kupanda Masisi, kiisha Nyabiondo mpaka Walikale, mvua ikinyesha moto inabebwa na mutu, hapana mutu kubebwa na moto. Fuso inalala ndani ya potopoto siku na siku, abiria juu ya mifuko, watoto chini ya bashi. Barabara ya taifa namba 3, ile ya Bukavu kupita Walikale mpaka Kisangani, ilikuwa na kipande cha lami pale Kilambo. Munajua kilifanya nini? Kilikuwa uwanja wa ndege. Ndege zilitua juu ya barabara, zikapakia kasiterite ya Bisie, zikaenda Goma. Mawe yalipanda ndege. Wabebaji, vijana wetu, walitembea siku mbili porini na kilo 50 mgongoni mpaka Ndjingala. Hiyo nayo tungeweza kuicheka: inchi ambayo jiwe linaruka juu na mutu anatembea chini. Lakini jaribuni kuisimulia ndani ya basi ya Nairobi, muone kama kuna mutu atacheka.

Wengine watatuambia: hata kwa wenzetu basi za usiku zinaua. Ni kweli, na hatutaki kudanganya wasomaji wetu. Desemba 2017, baada ya ajali mbaya kwenye njia ya Nakuru na Eldoret, serikali ya Kenya ilisimamisha basi za usiku, halafu zikarudi kwa masharti. Tanzania ilizikataza tangu miaka ya 1990, ikazifungulia tena mwaka 2023. Lakini muangalie vizuri: watu walikufa, serikali ikahesabu wafu, ikafunga. Usalama ukaonekana umekuwa bora, ikafungua. Kuna mutu mwenye kazi ya kuamua kama abiria anaweza kusafiri usiku, na abiria anaweza kumulaumu. Kwetu nani anaamua? Saa kumi na mbili ya mangaribi ikifika, kila mutu anatafuta pa kulala pale alipo. Hakuna ofisi iliyokataza. Ni woga tu njo unapiga muhuri.

Kwa hiyo tunafanya nini na kicheko chetu? Tunapendekeza mambo mawili.

La kwanza ni kwa wachimbaji na kooperative zao, na zaidi kwa wale wanaoishi karibu na kampuni kubwa ya madini. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema wazi: kati ya ile ada ya madini ambayo kampuni inalipa, 50% inaenda kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sekta ao shefferi ambamo mgodi unafanyika, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapashwa kuweka pembeni angalau 0,3% ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Hizi namba hazikuandikwa ju ya kupendeza karatasi. Ile 15% ni ya kwenu. Muiulize kwenye mikutano, mbele ya watu, kwa upole na bila kuchoka: mwaka huu ilifika ngapi, na ilitengeneza daraja gani? Tunafanyaka salongo kila mara, tunajaza mashimo ya barabara na mawe kwa mikono. Mutu anayeleta mikono yake ana haki ya kuuliza franga iko wapi.

La pili ni kwa wenye kusafiri. Mbele ya kuondoka, mutengeneze saa zenu, mubebe kadi ya manjano ya chanjo, muache plastiki nyumbani, muandike namba ya basi kwenye mkono mbele ya kushuka kwenye mupaka. Fromaji, muifunge vizuri, tafadhali. Na mukifika, musimulie. Musisimulie vichekesho tu. Muwaambie watoto kwamba mulipita usiku mzima bila kulipa kamba hata moja, kwamba mama alinyonyesha mutoto wake kwenye kiti, kwamba mulilala. Mutoto wa Masisi anayezaliwa leo anaweza kukomaa akidhani bariere ni kitu cha asili, sawa vile mulima ao mvua. Si kitu cha asili. Kuna watu waliofunga kamba, na kamba iliyofungwa na mutu inafunguliwa na mutu.

Siku itafika, na tunaiomba isikawie, mama mmoja atapanda basi Walikale mangaribi, ashuke Goma asubui. Atakuja hapa kwetu kulalamika kwamba jirani yake alikoroma njia yote, tena akamuegemea begani na kumumwagia mate kwenye kitenge kipya. Tutaandika malalamiko yake yote, neno kwa neno, na hatutakata hata mstari mmoja.